Usipige Simu

Tovuti ya Chama cha Wenye Kigugumizi cha Kumasi iliwafaa sana watu ambao hawakuihitaji. Ukiifungua ulikutana na picha za wanachama waliovaa sare ya kitambaa kimoja kwenye harusi ya katibu, kisha tangazo kwamba mkutano ni Jumamosi, "mahali petu pale pale", kisha utani wa ndizi ambao mgeni asingeujua kichwa wala miguu. Wenyewe walijua: aliyekwama kwenye neno kuliko wote siku hiyo huwanunulia wenzake ndizi za kukaanga. Chini kabisa, kwa herufi nyekundu, iliandikwa: Karibu ujiunge, mpigie simu mwenyekiti. Na namba yake.

Dufie ndiye aliyepewa kazi ya kuibomoa na kuijenga upya. Kutengeneza tovuti ndiko kulikomlisha, na kigugumizi alikuwa nacho tangu utotoni, kwa hiyo wenzake hawakuona angekataaje. Chama hakikuwa kimepata mgeni kwa muda mrefu, hadi kila mmoja alijua mwenzake hukwama kwenye herufi gani. Lakini kilichomnyima Dufie usingizi hakikuwa chama. Alikuwa Oteng, mdogo wake.

Oteng alikuwa fundi wa kupaka magari rangi kule Suame, na mikono yake ilisifiwa. Miezi michache nyuma alikwenda kwenye ofisi moja kufuata hati, akaulizwa jina, akakwama. Karani akamwuliza mbele ya foleni nzima kama amelisahau. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo Oteng alifunga mdomo. Wateja aliwaandikia kwenye simu, nyumbani alijibu kwa kichwa, na Dufie akaanza kuogopa kwamba sauti ya mdogo wake ndiyo imekwenda hivyo. Alimsihi waende pamoja chamani, akakataa. Hakutaka kushikwa mkono kama mtoto wa chekechea.

Jioni moja, wakila, Dufie akamwekea mbele simu yenye ukurasa mpya, ambao alikuwa bado anaushonashona.

"Nikagulie tu," alisema. "J-jifanye hunijui, umeukuta mwenyewe."

Oteng akasoma pole pole. Mahali fulani akatabasamu, na moyo wa dada yake ukaruka. Kidole kikashuka mpaka kwenye kitufe cha kujiunga, kikabonyeza. Namba ya mwenyekiti ikajaa kioo kizima. Kidole kikabaki hewani. Kisha Oteng akailaza simu kifudifudi mezani, akarudi kwenye bakuli lake la fufu.

Ajabu ni kwamba Dufie hakuumia. Alihisi mzigo unamtoka, maana sasa alijua ugonjwa ulipo. Haikuwa rangi wala picha. Walikuwa wanawaambia watu ambao simu ndiyo jinamizi lao kwamba mlango wa kuingilia ni simu, na hakuna aliyeliona hilo, kwa sababu wote walikuwa wameshaingia.

Jumamosi akalisema mkutanoni. Mwenyekiti Boadi, mzee mnene muuza vipuri, akakunja uso.

"Hiyo namba ha-haitoki," alisema. "Unajua zamani nilikuwa naiacha simu ii-iite mpaka inyamaze? Mke wangu ndiye alikuwa ananipokelea. Leo napokea mwenyewe, hata nikiwa msibani. Halafu wewe mtoto unataka kunizika."

"Sikuziki, Mjomba. N-nauliza tu. Ulivyokuja hapa mara ya kwanza, ulipiga simu?"

Boadi akatazama dari.

"Nililetwa," alisema mwishowe.

"Na nani?"

"Na mke wangu. Na ye-yeye ndiye aliyebisha hodi."

Chumba kikaangua kicheko. Frempomaa, katibu, akakiri kwamba yeye alijifungia ndani ya teksi pale nje mpaka dereva akatishia kumpeleka polisi. Wakaulizana mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepiga simu.

"Ningezaliwa chifu," Boadi akanung'unika, "ningekuwa na msemaji wangu wa kunisemea mbele za watu, ni-nisingeaibishwa hivi." Lakini alikuwa anacheka. "Haya, iondoe."

"Siiondoi. Inahamia kwenye kurasa za wanachama, pamoja na picha za harusi na ndizi zenu. Ukurasa wa mbele ni wa yule aliyeko kwenye teksi."

"Basi andika pia kwamba ha-hatumwulizi jina," alisema Boadi. "Jina ndilo neno gumu kuliko yote."

Ukurasa wa mbele ukabaki na picha ya geti la buluu la shule wanamokutania, na maneno machache: Usipige simu. Njoo tu. Hutaulizwa jina. Ukitaka kukaa kimya mpaka mwisho, kaa. Hakumwambia Oteng neno.

Jumamosi iliyofuata alikuja mama mmoja aliyejifunika kitambaa mpaka machoni. Ile ya baadaye akaja Oteng, peke yake, akakaa karibu na mlango. Boadi, ambaye maishani hakuwahi kukutana na mtu asimwulize ukoo wake, alijiziba mdomo kwa kiganja na kumsogezea sahani ya ndizi. Ikawa hivyo kila wiki: Oteng anakuja, anakula, anasikiliza, anaondoka. Hakusema kitu, na Dufie akajikaza asimwulize.

Siku moja, katikati ya mkutano, Oteng akainuka akatoka. Dufie akadhani ndiyo basi. Ndipo simu ya Boadi ikaita.

"Haloo, Boadi hapa."

Kimya. Pumzi tu. Boadi akainua mkono na chumba kizima kikatulia. Hakuuliza ni nani, hakukata, hakumsaidia mtu neno. Dirishani, Dufie alimwona mdogo wake amesimama uani, ameuelekea ukuta, simu sikioni. Wakasubiri. Hakuna watu duniani wanaojua kusubiri kama wale.

"N-naitwa," sauti ikaingia kwa dirisha na kwa simu pamoja, "naitwa O... O... O-Oteng. Nataka kujiunga."

"Kujiunga tena?" Boadi alisema, huku anajifuta macho. "Na ndizi zetu ulizomaliza je?"

Kule uani Oteng akacheka, kicheko chenye sauti, kile ambacho Dufie alidhani hatakisikia tena. Dufie akalia waziwazi na hakuona haya.

"Sikiliza, mwanachama," Boadi akaendelea. "Leo umekwama ku-kutushinda sote. Unaijua sheria."

Oteng akageuka, akawatazama wote pale dirishani.

"N-niwawekee pilipili?" akauliza.