Aliyeombwa Ufunguo

Mama Futi alikuwa na pini nne mdomoni jukwaa lilipoanza kugongwa juu ya kichwa chake. Chumba cha mavazi kilikuwa chini ya jukwaa hilo, na kwa miaka tisa alikuwa amezoea kila kishindo kilichopita juu ya dari ile: visigino vya wacheza ngoma, viti vya waigizaji vikiburutwa, marimba yakisukumwa na watu wanaolaumiana. Lakini hawa wa leo hawakuwa wakicheza. Walikuwa wakigonga. Viganja vingi juu ya ubao, kwanza kwa adabu, kama mgeni aliyefika mapema, kisha kwa haraka, kisha ovyo ovyo. Halafu vikapungua kimoja kimoja hadi kikabaki kimoja. Nacho kikanyamaza.

Alizitema pini kiganjani. Zilikuwa tatu. Ya nne ilikuwa imemchoma ndani ya shavu, naye hakuwa ameisikia.

Lilikuwa juma la tamasha. Vikundi kumi na viwili vya maigizo, ngoma na muziki vilikuwa vimewasili kutoka nchi mbalimbali, kila kimoja na dhiki ya kwao mkononi: hawa wakiigiza habari ya mto uliouzwa, wale wakicheza habari ya mabinti walioozwa wangali watoto, wengine wakiwaimba ndugu waliopotelea mipakani. Kwenye korido lugha zilipishana kama watu sokoni. Wacheza mironjo, na miguu yao mirefu ya miti, walikwama chini ya kizingiti cha juu cha mlango, ikabidi wakalishwe chini na kuvutwa miguu, na kila mmoja akacheka kwa lugha yake. Mama Futi ndiye aliyewavisha wote. Jina hilo alipewa kwa ajili ya futi ya kitambaa iliyoning'inia shingoni mwake asubuhi hadi jioni, ingawa hakuihitaji sana. Alikutazama mara moja tu, akakutajia kifua, kiuno na urefu wa mkono, na ukipima humkuti amekosea.

Wenzake walimshangaa kwa jambo moja. Hakuwa na vazi hata moja lenye mfuko. Leso aliichomeka kiunoni, simu aliitia kikapuni. Akiulizwa, alisema mifuko huharibu mkao wa nguo, na kwa kuwa yeye ndiye fundi, hakuna aliyembishia.

Adhuhuri ile mkalimani alishuka na mchoro. Kundi la juu, lile la wanawake wanane, lilitaka aproni nane za kijivu, kila moja na mfuko mkubwa mbele. Mkalimani alikuwa mtu wa maneno mengi, akamweleza bila kuulizwa. Kundi lile lilicheza habari ya kiwanda cha nguo kilichoungua nchini kwao, wafanyakazi wakiwa wamefungiwa ndani. Kila mji walioufikia waliomba kisa cha mji huo, wakakitia ndani ya mchezo. Hapa walikuwa wamesimuliwa juu ya kiwanda cha mashati kilichoungua miaka kumi na mmoja iliyopita, wakafa watu kumi na tisa.

"Ishirini," alisema Mama Futi.

Mkalimani akaitazama karatasi yake. "Imeandikwa hapa kumi na tisa. Na bawabu."

Mama Futi aliuchukua mkasi. Alikata vitambaa vile vya kijivu mchana kutwa, maana mikono yake ilikuwa imejifunza zamani kufanya kazi bila yeye.

Kabla ya kuwa Mama Futi, alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kile. Mlango wa nyuma ulikuwa na kitasa kimoja na ufunguo mmoja. Kanuni, iliyobandikwa ukutani ndani ya fremu, ilisema ufunguo ukae kwa bawabu, langoni. Lakini meneja alidai mashati yanaibwa kwa mlango wa nyuma, akamwita ofisini, akamkabidhi ufunguo kwa siri na kumwambia afunge kila zamu inapoanza, akae nao yeye mwenyewe, asimwambie mtu. Naye alijiona ameaminiwa. Kwa miezi minne aliubeba mfukoni mwa aproni na kuugusa kila mara, kama mtu anavyogusa kipuli kipya.

Moto ulianzia kwenye marobota ya vitambaa, saa tisa mchana. Yeye alikuwa karibu na mlango wa mbele, akatoka na umati, moshi ukiwafuata mgongoni. Alijikuta ng'ambo ya barabara, akikohoa, hajui kafikaje. Ndipo Bawabu alipomjia mbio, akamnyooshea mkono. Labda alikuwa akiulizia kila msimamizi, labda alijua. Alisema maneno mawili tu: "Dada, ufunguo." Naye, huku ufunguo ukimpiga pajani, akajibu neno moja.

"Sina."

Bawabu hakubishana. Alichukua mtaimbo kwenye gari la mafundi waliokuwa wakichimba barabara, akaingia ndani. Walimkuta nao mbele ya mlango wa nyuma, upande wa ndani, pamoja na wale kumi na tisa. Ripoti ikasema bawabu aliupoteza ufunguo kwa uzembe, akajaribu kurekebisha kosa akiwa amechelewa. Meneja alionyesha ile kanuni iliyotiwa fremu. Mama Futi alihojiwa dakika tano. Ufunguo alikuwa ameshautupa kwenye mtaro wa maji machafu siku ileile, kabla jua halijatua. Nyumba ya bawabu ilipigwa mawe, mkewe akahama na mtoto, na mji ukapata pa kuitua hasira yake.

Tangu hapo Bawabu humjia. Hamjii usiku, kama wafu wengine wanavyosimuliwa. Humjia mchana, penye watu: kwenye foleni ya benki, ng'ambo ya barabara, mlangoni mwa duka la vitambaa. Hana jeraha wala masizi. Husimama na shati lake safi, mkono kaunyoosha, kiganja juu, kwa subira ya mtu ambaye hajajibiwa bado.

Siku ya tatu ya tamasha aliletewa msichana wa kupimwa. Alikuwa mwimbaji wa hapa mjini, umri wa miaka ishirini na mitatu, aliyechaguliwa kutoa kisa cha mji. Alimwamkia kwa heshima, akamwita mama, akanyoosha mkono ili upimwe.

Mama Futi alisimama na futi hewani. Kiganja kile alikuwa akikiona kwa miaka kumi na mmoja.

"Kuna tatizo, mama?"

"Hakuna, mwanangu. Simama wima."

Alimpima kwa futi, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu mwingine yeyote, na bado akakosea mara mbili. Msichana akawa anazungumza, kama watu wanavyozungumza wakipimwa. Alisema yeye ni mtoto wa yule bawabu. Yeye na mama yake walikuwa wamebadilisha mitaa minne. Mama yake alifariki mwaka juzi bila kulitaja tukio lile hata mara moja. Sasa amepewa nafasi, naye ataimba ubeti mmoja kisha aseme sentensi mbili alizoziandika mwenyewe: yeye ni binti wa mtu aliyewaacha watu wafungiwe, na kwa niaba ya baba yake anaomba radhi kwa mji wote. Baada ya hapo, alisema, labda ataweza kulala kama watu.

"Ni lini?" aliuliza Mama Futi.

"Kesho kutwa jioni."

Siku mbili hizo hazikuwa na mwisho, kisha zikaisha ghafla. Aliwavisha wapiga zeze, akawashonea wacheza mironjo suruali ndefu kuliko shuka. Alijiambia kuwa msichana yule ameridhia mwenyewe. Alijiambia kuwa waliokufa wamekufa, kwamba radhi iombwe na yeyote, ilimradi iombwe. Kila hoja aliyojipa ilisimama vizuri mpaka wanawake wale wanane walipoanza kugonga juu ya dari, hapo ikaporomoka. Bawabu alikuwa ameanza kuja ndani ya chumba cha mavazi, mahali ambapo hakuwahi kufika. Alisimama katikati ya nguo zilizotundikwa, na kila Mama Futi alipovuta vazi la mtu, alikuwa akivuta pembeni mwa mkono ule.

Siku yenyewe, saa tisa mchana, msichana alikuja kuchukua gauni lake. Mama Futi alifunga mlango wa chumba, kisha akaufungua tena, akauacha wazi kabisa.

"Baba yako hakuwa na ufunguo," alisema. "Nilikuwa nao mimi."

Msichana alitabasamu kwa uchovu. "Mama, usinifariji. Wameshanifariji wengi. Nataka nilimalize tu."

"Sikufariji."

Akamweleza. Alisimulia akiwa amesimama, mikono imening'inia, kuanzia meneja na ile siri hadi mtaro wa maji machafu. Hakujipunguzia kitu. Alipofika ng'ambo ya barabara, alikatiza, akaanza upya.

"Alikuja akanyoosha mkono. Nikamwambia sina."

"Na ulikuwa nao?"

"Ulikuwa mfukoni."

Msichana aliketi juu ya sanduku la viatu. Juu yao kundi fulani lilikuwa likijaribu ngoma zake, na vumbi laini lilidondoka kutoka darini. Ngoma zikakoma. Kisha msichana akauliza jambo ambalo Mama Futi hakulitarajia.

"Alikuwa amevaa nini? Hatukuonyeshwa maiti."

"Shati la buluu, mikono mifupi. Vifungo vyake vya buluu, ila cha tatu kilikuwa cheupe. Kimeshonwa kwa uzi mweusi, umezungushwa mara nyingi kupita kiasi."

"Nilikishona mimi," alisema msichana. "Asubuhi ile."

Mama Futi alitaka kumgusa bega, asithubutu. Msichana aliinuka, akalichukua gauni lake, akalikunja juu ya mkono. Hakumwita tena mama, wala jina lolote.

"Utayasema haya?"

"Nimekwisha kukwambia, mwanangu."

"Siyo kwangu." Akainua kidevu kuelekea darini. "Kule."

Kiongozi wa wale wanawake wanane, mwanamke mfupi mwenye mvi, aliwasikiliza kupitia mkalimani, ambaye kwa mara ya kwanza katika juma zima alikuwa akiyatafuta maneno. Aliuliza swali moja: je, fundi anajua yatakayofuata? Mama Futi akajibu kwamba anajua. Hakujua, lakini alijua kilichokuwa kikimfuata tayari.

Jioni ile ukumbi ulijaa hadi ngazini. Wanawake wanane wenye aproni za kijivu waligonga mlango uliosimamishwa peke yake katikati ya jukwaa, na safari hii Mama Futi hakuwa chini yao. Alikuwa pembeni, nyuma ya pazia, akiona viganja vyao vikiwa vyekundu. Kiganja cha mwisho kiliponyamaza, msichana alitoka mbele, akaimba ubeti wake kwa sauti isiyotetemeka, kisha akasema, "Mimi ni binti wa bawabu," akakomea hapo na kusogea kando.

Mama Futi alitoka na nguo zake za kazi. Taa zilimpofua. Aliyasema kama alivyoyasema mchana, kwa maneno yaleyale, maana hakuwa na mengine. Hakuna aliyepiga makofi. Katika safu za mbele mwanamume mmoja aliinuka akatoka, na hatua zake zikasikika mpaka nje. Halafu sauti ya mwanamke mzee ikatoka gizani, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia.

"Kwa nini ulimnyima?"

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amejitungia majibu ya swali hilo. Aliyaacha yote.

"Niliogopa kuonekana nao," alisema.

Akamtafuta Bawabu. Alimtafuta kwenye safu, kwenye ngazi, mlangoni alikopitia yule mwanamume. Hakuwepo. Siku zote alikuwa ameomba amwondokee, na sasa alipokosekana, Mama Futi alishikwa na hofu ambayo hata kumwona hakukuwahi kumtia. Alisimama pale akimngoja, mpaka mmoja wa wachezaji akamshika mkono na kumtoa jukwaani.

Asubuhi iliyofuata alikwenda ofisi ya upelelezi kuandikisha maelezo. Hakuwa amepanga na mtu, lakini msichana alikuwa ameshafika, ameketi kwenye benchi la ubao nje ya mlango namba sita. Mama Futi aliketi upande wa pili. Katikati yao palibaki nafasi ya mtu mmoja, na watu waliokuja kutafuta pa kukaa waliitazama nafasi ile, wakabaki wamesimama.

Walipoitwa waliingia wote wawili. Karani alikuwa kijana mwenye mafua, aliyekwisha kusikia habari za ukumbini kama mji mzima ulivyozisikia. Alifungua jalada jipya, akauliza wana uhusiano gani.

Msichana ndiye aliyejibu. "Andika alimjua baba yangu."

Karani akaandika. "Jina la marehemu?"

Msichana aligeuka akamtazama Mama Futi, akamwachia swali. Mama Futi akafungua kinywa. Kwa miaka sita mtu yule alimfungulia lango kila asubuhi, akamuuliza hali ya nyumbani, akampokea mwavuli siku za mvua, na kwa miaka kumi na mmoja mingine alisimama mbele yake mkono kaunyoosha. Alitafuta jina lake kila mahali alipoweza kutafuta. Siku zote alikuwa akimwita Bawabu tu.

Msichana aliuacha ukimya ule ufike mwisho wake. Kisha akamgeukia karani, akalitaja jina la baba yake, la kwanza, la kati na la ukoo.

"Rudia taratibu," alisema karani, akipangusa pua, "niandike vizuri."

Akarudia, akitua baada ya kila jina, na mara hii midomo ya Mama Futi ilimfuata bila sauti, silabi kwa silabi.