Mstari Uliopinda

"Sitaki," binti alisema, kitana amekificha mgongoni. "Nitakwenda kwa shangazi anisuke. Jumamosi zote nitakwenda kwake."

Mama yake, msusi, alikuwa ndiyo kwanza amemsindikiza mteja wa mwisho. Vidole vilimfa ganzi. Mtaa mzima ulimsifu kwa mkono mwepesi, lakini mwanawe hakuwahi kuuonja. Kila Jumamosi zamu yake ilifika mama akiwa hoi: kichwa kikabanwa magotini, kikasukwa mbiombio kama mzigo unaofungwa kamba. Akilia, aliambiwa, "Tulia."

"Shangazi yako? Anasuka kama anayefuma kikapu."

"Lakini yeye huniuliza kama naumia."

Neno likamwingia msusi, likakaa. Akakitazama kigoda chake cha kazi. Taratibu akafungua kilemba, akaketi chini mkekani, akampa mwanawe mgongo.

"Basi nisuke wewe."

"Mimi?"

"Panda kigodani, fundi. Mteja anasubiri."

Mtoto akacheka kwa pua. Akachovya kidole kwenye mafuta, akagawanya nywele. Mstari ulianza vizuri utosini, ukafika karibu na sikio ukakata kona. Msusi alijua umepinda hata bila kioo. Akauma ulimi. Vidole vidogo vikavuta, machozi yakamlenga msusi.

"Unaumia, mama?"

"Naumia. Hapo juu ya sikio."

Vidole vikalegea. Pumzi ya joto ikampuliza palepale.

"Pole. Ukiumia sema, usikae kama gogo."

"Na wewe utaniambia?"

Kitana kikasimama. "Nikikuambia husikii."

"Sikuwa nasikia," msusi alisema. "Niambie tena."

Jirani mmoja akachungulia mlangoni, nywele zake timutimu. "Dada, nisuke, kesho nasafiri." Akaona kichwa cha msusi. "Heh! Umegombana na kuku?"

"Huyu ndiye fundi wangu. Keti, dada, hajamaliza. Halafu ni zamu yake, ndipo ije yako."

"Mimi nitangoja mtoto?"

"Utangoja."

Jirani akaguna, akaketi.

Mtoto alipofunga ncha ya mwisho, wakabadilishana nafasi. Akaingia mwenyewe katikati ya magoti ya mama yake, akamrudishia kitana juu ya bega. Lakini hakukiachia. Kiganja chake kikabaki juu ya mkono wa mama, na mikono yote miwili ikaanza kupanda nyweleni, polepole.