Ukurasa wa Tisa wa Utafiti

Muuza nyama alifika mkutanoni moja kwa moja kutoka buchani, akaketi safu ya nyuma. Gazeti lilikuwa limeandika kwamba vyakula vya kiwandani huleta maradhi ya moyo, na wazazi wa shule walikuja juu: kila kitu cha kopo au pakiti kiondolewe jikoni, maharage na maziwa ya unga vikiwemo. Mwalimu mkuu akamwita mtaalamu wa lishe wa hospitali awasomee utafiti wenyewe. Mtaalamu huyo alikuwa binti ya muuza nyama, kitinda mimba wake.

Binti aliinua karatasi zilizojaa alama za wino mwekundu.

"Gazeti limeishia ukurasa wa kwanza," alisema. "Ukurasa wa tisa, watafiti wametenganisha walichokuwa wamekichanganya. Waliougua zaidi ni waliokula soseji na kunywa soda kila siku. Wa maharage ya kopo, hapana. Tukiyatupa, watoto watapata wapi protini?"

"Kwa hiyo soseji ndizo zinazoua?" aliuliza mama mmoja.

"Sijasema hivyo, mama. Hao walaji wa soseji walivuta sigara zaidi pia, na utafiti wa aina hii hauwezi kuchambua kila kitu. Ila mwanangu nisingempa kila siku."

Mwenyekiti wa wazazi, mtu wa mzaha, akageuka nyuma. "Hata za baba yako?"

Watu wakacheka. Muuza nyama alihisi masikio yakiwaka moto. Soseji za shule zilitoka kwake, alizitengeneza kwa mikono yake.

Binti alimtazama. "Hata za baba."

Muuza nyama alingoja hasira ipande, haikupanda. Neno moja tu la kumtetea lingetosha, na hakuna ambaye angejua kwamba amempendelea. Mtoto wake hakulitamka. Akasimama.

"Chumvi naitia mimi, najua ni nyingi," alisema. "Soseji ziwe mara moja kwa wiki. Maharage yabaki."

Wakakubaliana hivyo.

Nje, binti aliuliza kwa sauti ya chini, "Umenikasirikia, baba?"

"Kidogo," alisema, akamchukulia mkoba. Akatangulia kifua mbele barabara nzima, akimsimamisha kila anayemfahamu amwambie kwamba yule mtaalamu aliyesoma utafiti ni binti yake, hata wale ambao hawakumuuliza.