Jiwe la Buluu la Imogen

Baba mkwe wangu, Clarrie, alikuwa ameshayeyusha nta ya kushikizia jiwe kwenye kijiti chake cha kukatia.

"Lete, Imogen. Upande huu uko bapa wenyewe, tena unang'aa. Nitaufanya ndio uso. Nusu ya kazi imeisha."

Binti yangu akafumba mkono. Hapa kijijini kwetu Mount Surprise kila mtu huokota mawe meupe kijitoni. Lake lilikuwa la buluu, la kwanza maishani mwake.

"Kwanza ni jiwe gani, Babu?"

"Kwatzi tu, kama yale meupe. Basi."

"Baba, subiri," nikasema. "Kama ni topazi na umeukata uso kuufuata upande linakopasukia, ukisuguliwa utabambuka tu, hautang'aa ng'o. Jiwe linaweza hata kumeguka."

"Mkwe, mimi nakata mawe tangu wewe hujaota meno."

"Na umepasua mangapi?"

Akacheka, ila kijiti akakiweka chini.

Nikampa Imogen kipande cha kwatzi kinacholingana kwa ukubwa na jiwe lake, ashike kimoja kila kiganja.

"Langu ni zito zaidi, Mama."

"Fumba macho. Badilisha mikono."

"Bado langu."

Kisha akakwaruza kwatzi kwa ncha ya jiwe lake. Mstari mweupe ukatokea. Akaruka.

"Huo ni unga tu, malkia," babu yake akamtania. "Lamba kidole, ufute."

Akafuta. Mstari ukabaki, na ukucha wake ukanasa ndani yake.

"Basi langu ni gumu zaidi, si kwatzi!"

"Usishangilie bado," nikamwambia. "Chukua kioo cha kukuzia, uangalie ule upande bapa. Kwatzi huvunjika kwa mabonde, kama chupa nene iliyovunjika."

Akainama muda mrefu.

"Hakuna mabonde. Kuna vingazi vidogo vidogo, kama kurasa. Vyote vimelala upande mmoja."

Clarrie akamnyang'anya kioo. Akatazama, akageuza, akatazama tena.

"Loo! Topazi. Itabidi niliinamishe kidogo, uso usifuate upande huo. Litapungua."

"Sana?"

"Kama mbaazi moja."

Imogen akalishika jiwe lake kwa mara ya mwisho likiwa zima.

"Lipunguze. Lakini nakaa hapa hapa naangalia."

"Kaa. Ukinigusa kiwiko nakutoa nje."

Clarrie akalishikiza kwa nta, limeinama, akawasha gurudumu la kusagia. Kufika wakati wa chai, Imogen alikuwa anauona mwanga wa dirisha umetulia juu ya uso wa jiwe, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Babu," akauliza, "kwa nini lipasukie upande mmoja tu?"

"Muulize mama yako," Clarrie akasema, akinisogezea kioo cha kukuzia.