Mlangilangi wa Bi Mastura

Mkokoteni ulipokuja kuchukua mzigo wa mwisho, Bi Mastura aliyatazama magurudumu yake ya chuma, akautazama mti wake, akatikisa kichwa.

"Huu haupandi humo."

"Mama, asubuhi nimebeba kabati," alisema Karanja, mwenye mkokoteni. "Nimebeba cherehani na kuku watano. Mti ndio utanishinda?"

"Kabati halina maua, mwanangu. Hebu tazama."

Karanja akainama. Kweli, kati ya majani yaliyoning'inia palikuwa na maua machanga, ya kijani bado, membamba kama vidole vya mtoto mchanga.

Ulikuwa mlangilangi, mti wa maua ya kunukia. Mzee Muhidin, mume wa Bi Mastura, aliuleta kutoka Mombasa ndani ya kopo la maziwa, ukiwa na majani manne, mwaka ambao reli ilimhamishia Nakuru. Majirani walimcheka. Mti wa joto la pwani, uje uishi na baridi ya huku? Bi Mastura akauweka nyuma ya jiko, penye ukuta usiopoa, na kila mwezi wa saba akauvika gunia. Uliota, ukahamia kwenye debe, kisha kwenye nusu pipa, ukampita kimo. Lakini ua, hata moja, haukutoa kwa miaka kumi na tisa.

Mwaka huu wa 1957 ndio umetoa. Ndio mwaka ambao Mzee Muhidin amestaafu na landhi ya reli, nyumba ya kazi waliyokaa, inarudishwa kwa wenyewe. Na Ijumaa ijayo mjukuu wao Khadijo anaolewa. Tangu akiwa mtoto wa kubebwa, babu yake amekuwa akimwahidi: kikuba chako, maua utakayobana kifuani siku ya harusi yako, yatatoka kwenye mti wetu. Na langilangi changa, ikitikiswa, huanguka. Barabara ya kwenda Bondeni, kwenye nyumba yao mpya, ilikuwa mawe matupu.

Karanja alijikuna kichwa. Angeweza kusema alilipwa kazi ya mkokoteni, si kazi ya kubembeleza maua. Badala yake akauliza:

"Kile kitanda cha kamba kimebaki?"

"Kipo."

"Basi tuulaze, tuubebe begani. Ngoja niwaite wenzangu."

Akarudi na wapakuzi watatu wa stesheni, jasho la zamu bado halijawakauka. Wakaliinamisha pipa taratibu, wakaulaza mti kitandani, wakaufunga kwa kamba. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kuvuma na lile vumbi lake jeupe la magadi, linalochoma jani kama chumvi. Ikabidi mti ufunikwe. Kanga zote zilikuwa zimetangulia Bondeni pamoja na vyombo. Kilichosalia ni shuka moja, nyeupe.

Wakaondoka hivyo. Watu wanne, kitanda begani, shuka nyeupe juu yake, na nyuma Bi Mastura ndani ya buibui lake, birika la chai mkononi.

Walifika Bondeni watu wakitoka kuswali adhuhuri. Bi Mastura aliona mazungumzo yakikatika barazani. Mzee Miraji, fundi wa kushona kanzu, aliacha kukanyaga cherehani, akasimama. Muuza kahawa akatua deli lake chini. Kabla Bi Mastura hajaelewa, wanaume kumi, kumi na watano, walikuwa wamekizunguka kitanda, na kijana mmoja amekwisha kuingiza bega lake mahali pa Karanja.

Maana jeneza halipiti hivi hivi mbele ya Mwislamu. Kila mwanamume hulitia bega, hatua chache, akampisha mwenzake.

Karanja, ambaye kwao ni Elburgon na kanisa lake ni la Kiprotestanti, alijikuta nyuma kabisa.

"Mama!" alinong'ona. "Hawa watu wanatunyang'anya mti!"

"Jamani, subirini," alisema Bi Mastura. "Wanangu, si..."

Lakini walikuwa wameshaanza kutamka shahada kwa sauti ya chini, na mtu mmoja aligeuka akamwambia kwa upole, "Pole, mama. Rudi nyumbani ukapumzike. Sisi tupo."

Maneno hayo yalimfunga mdomo. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyelala pale, wa kabila gani, mwenye nyumba au mpangaji. Walichotaka ni nafasi ya bega tu. Na kitanda, jamani, kilikuwa kikienda kama maji! Bega liliingia, bega likatoka, hata shuka haikutikisika. Bi Mastura angeweza kupiga kelele zaidi. Alijua hivyo. Aliyafikiria yale maua, akanyamaza mpaka njia panda.

Hapo kitanda kikaelekea kulia, kwenda msikitini kuswaliwa.

Bi Mastura akakimbia, akashika mguu wa kitanda. "Si huko! Ni nyumbani! Ni mti, wanangu, ni mti!"

Kitanda kikasimama. Mzee Miraji akafunua pembe ya shuka. Jani moja likachomoza.

"Mlangilangi," alisema polepole.

"Nisameheni. Nilitaka kusema, nikaona mnavyoubeba, ulimi ukawa mzito."

"Laa! Tumeutamkia mti shahada!" alisema muuza kahawa. Kicheko kikapasuka, mpaka waliobeba wakalazimika kujizuia.

"Msicheke, mnautikisa!" Mzee Miraji aliwakemea, mwenyewe akijifuta machozi. "Mimi mtu wa Tanga. Harufu ya huu sijaisikia tangu mama yangu akiwa hai. Haya, mabega si yapo? Nyumba ni ipi, dada?"

Wakageuka kushoto. Ila sasa walifuatana na umati mzima, na Bi Mastura alipoona kona ya nyumba yao mpya akamkumbuka mumewe. Mzee Muhidin alikuwa amekaa mlangoni, akimngoja mkewe na mzigo wa mwisho. Angeona nini? Shuka nyeupe begani mwa watu, inakuja mlangoni kwake, na mkewe haonekani.

Tayari mzee alikuwa amesimama. Fimbo yake ilikuwa imeanguka.

Bi Mastura aliwasukuma wanaume, akapita hadi mbele ya kitanda, akainua birika juu.

"Nipo! Muhidin, mimi nipo!"

Mzee alimtazama. Ephantus, mmoja wa wale wapakuzi, akaokota fimbo akamrudishia mkononi.

"Birika umelileta?" Mzee Muhidin aliuliza mwishowe, sauti ikikwaruza. "Nina kiu."

Waliusimamisha mti kwenye ukuta wa jiko jipya. Shuka ilipoondolewa, maua mawili tu yalikuwa yameanguka. Mzee Miraji akaomba moja, akalitia ndani ya kofia yake, akarudi kazini. Lingine Karanja alisema atampelekea mkewe Wangeci, ingawa halikuwa na harufu bado.

Mchana ule kila Bi Mastura alipoingia jikoni, mumewe aliita, "Mastura?"

"Nipo."

Baada ya muda kidogo, tena, "Mastura?"

"Nipo, bwana. Nasonga ugali."

Alhamisi jioni maua yakageuka manjano, na uchochoro mzima ukanukia. Ijumaa Khadijo akayabana kifuani. Karanja na wenzake walialikwa pilau, wakakalishwa mkeka mmoja na wale waliowanyang'anya mzigo, na muuza kahawa akawauliza kama hawana mti mwingine wa kubebewa.