Anaendelea Vizuri

Farhan, kijana wa ofisi ya wakala wa bima pale Kashaulili, mjini Mpanda, alimsomea Hadia ile sentensi mara ya pili, polepole, utadhani tatizo lilikuwa masikio. "Mgonjwa anasema anaendelea vizuri." Ndivyo daktari alivyoandika, akaeleza, na makao makuu wakishaona maneno hayo hawawezi kuidhinisha mguu mpya. Mtu anaendelea vizuri na mguu alionao, apewe mwingine wa nini?

Hadia alikuwa ameunyoosha mguu wa kushoto mbele yake, kwa sababu akiukunja ulikuwa unawaka moto. Alijaribu kukumbuka ni lini alimwambia daktari maneno hayo, na akakumbuka. Siku ile alipoingia, Daktari Sylvanus alikuwa bado anamalizia kuandika habari za mgonjwa aliyetoka. Akamuuliza bila kuinua kichwa, "Unaendeleaje, mama?" Naye akajibu kama anavyojibu kila mtu aliyelelewa na watu: naendelea vizuri, daktari, sijui wewe. Nani anaingia kwenye chumba cha mtu na kuanza na kidonda? Shida alizieleza baadaye, lakini wakati huo kalamu ilikuwa imeshapita, na nje wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi.

"Ile ilikuwa salamu," akamwambia Farhan.

Farhan akasema anamwelewa, ila makao makuu wanasoma kilichoandikwa.

Hadia alikuwa bibi shamba wa chama cha ushirika cha wakulima. Eneo lake lilikuwa Mishamo, na kule kazi yake ilikuwa pikipiki: kijiji hiki asubuhi, kile mchana, kukagua mahindi, kuonyesha nafasi za kupanda maharage, kuwagundua viwavijeshi kabla hawajalimaliza shamba la mtu. Ndiyo kazi iliyompotezea mguu. Lori lililobeba mihogo mikavu lilimkuta kwenye kona, na hospitalini wakaukata mguu wa kushoto chini ya goti. Mguu bandia wa kwanza bima iliulipia bila maneno mengi. Akarudi kazini, akajifunza upya kupandisha gia, kwa sababu gia za pikipiki zinabadilishwa kwa mguu wa kushoto, na sasa alilazimika kuisikia gia kwenye goti badala ya kwenye vidole. Wakulima walimpokea kwa vigelegele. Mwanamke mmoja, Séverine, ambaye shamba lake lilikuwa la kwanza kwenye njia yake, alimchinjia kuku.

Jambo ambalo Hadia hakulijua ni kwamba kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, hakikai kama kilivyo. Nyama hunywea, na kile kikombe kinachokishika, ambacho mafundi wanakiita soketi, kinabaki na ukubwa uleule. Mguu ulianza kucheza. Akaongeza soksi moja, akaongeza nyingine, mwisho akawa anajaza vipande vya kanga kuukuu. Akitembea ulikuwa unajizungusha wenyewe, kidole gumba kinatazama barabara nyingine. Ngozi ikachubuka, ikapona, ikachubuka, ikagoma kupona. Alipopanda treni kwenda Tabora kwa fundi wa viungo bandia, kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu na watu wa behewani walikuwa wanajifanya hawaisikii.

Fundi huyo, Maximilian, alikishika kigutu kwa mikono miwili, akakibonyeza kwa dole gumba huku na huku, akapima, akapiga picha, akachora. Akamwambia wazi kwamba soketi ile si yake tena, ni ya mtu aliyekuwa yeye zamani. Alihitaji mpya, na asicheleweshe, maana uchafu ukifika kwenye mfupa watakata tena, na safari hii juu ya goti. Yote hayo akayaandika vizuri na kuyatuma bima.

Na bima wakayaweka kando. Farhan ndiye aliyemweleza sababu. Maandishi ya fundi hayahesabiwi kama ushahidi, kwa kuwa fundi ndiye anayeuza mguu. Kinachohesabiwa ni maneno ya daktari peke yake. Hadia akayapanga kichwani. Kwa hiyo mtu aliyekishika kidonda maneno yake ni matangazo ya biashara, na mtu ambaye hakumfunua hata sketi, salamu yake ndiyo hukumu.

Akarudi kwa Daktari Sylvanus. Safari hii hakusubiri kuulizwa. Alikaa, akavua mguu, akafungua bandeji, akaacha mambo yajieleze. Daktari aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake kwa watu wengi, na pale alipotulia alifanya kazi kama inavyotakiwa. Alisafisha kidonda mwenyewe, akaomba radhi, akaandika ukurasa mzima: kidonda kinatokana na soketi kubwa, soketi ibadilishwe haraka. Kisha akamkataza kabisa kuuvaa ule mguu mpaka apate mwingine, na hilo nalo akaliandika. Hadia akatoka kwa magongo akiwa na moyo mwepesi.

Siku alipopeleka barua hiyo Kashaulili alimkuta Nkwabi kwenye benchi. Walifahamiana kwa sura. Nkwabi alikuwa mpakiaji kwenye ghala la ushirika, Msukuma wa makamo, familia yake ilihamia Katavi na ng'ombe zamani. Rundo la magunia lilimporomokea, mguu ukakatwa juu ya goti. Yeye hata mguu wa kwanza hakuwahi kuupata. Kila akija kuna karatasi imezeeka: ya hospitali imepita muda wake wakati wanasubiri ya mwajiri, ya mwajiri imepita muda wakati wanasubiri ya hospitali. Alikuwa amechoka, akajichongea mguu wa mninga, akaufunga kwa mikanda ya ngozi. Ulikuwa umechongwa vizuri, umepigwa msasa mpaka unang'aa.

"Nimekuja kuwaambia waniache," akamwambia Hadia. "Huu hauniulizi karatasi."

Hadia akamsihi asifanye hivyo. Akamwambia yake sasa imekamilika, na ikipita watajua njia, yake nayo itapita. Aliyasema hayo kwa kuyaamini, na Nkwabi akaacha ombi lake liendelee.

Jibu lilipokuja, Farhan hakutaka kulisoma kwa sauti. Aligeuza kompyuta ili Hadia asome mwenyewe. Makao makuu yalikuwa yameona kwamba, kwa maelezo ya daktari, mwanachama kwa sasa hatumii mguu bandia. Kwa kuwa hautumii, hakuna uthibitisho kwamba ana uwezo wa kuutumia. Ombi limekataliwa. Mwanachama anaweza kuomba upya atakapoonyesha kwamba anatembea kwa mguu bandia kwa kawaida.

Akalisoma lote tena, akitafuta mahali alipokosea kuelewa. Hapakuwapo. Alipouvaa walisema unafaa, alipouvua wakasema hauhitaji. Akatoka nje bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akasimama kwenye kivuli cha duka la vitenge. Mwenye duka akamtolea kiti. Hakukaa. Alihisi kwamba akikaa atalia, na hakutaka kulia kwa sababu yao.

Mkutano mkuu wa ushirika uliangukia mwezi huohuo, kwenye ukumbi wa Misunkumilo. Mkataba wa bima ulikuwa unaisha, na meneja wa kanda wa kampuni, jina lake Alex, alikuja kuomba uendelee. Alianza kwa kuomba radhi. Malaria ilimkamata safarini, sauti ilikuwa imekauka, ameanza dawa jana yake. Kweli alikuwa anatoka jasho na kujifuta kila mara. Hata hivyo alizungumza vizuri, akaonyesha picha ukutani za familia zinazocheka, akasema kampuni yake inatembea na mwanachama hatua kwa hatua.

Mwenyekiti wa ushirika, Matilda, alipouliza kama kuna mwenye swali, Hadia akasimama. Wengi waligeuka kumtazama, maana walikuwa hawajamwona kwenye magongo tangu ajali.

"Unaendeleaje, kaka Alex?" akauliza.

"Naendelea vizuri, dada yangu, nashukuru."

Hadia akamgeukia Farhan, aliyekuwa mbele na kompyuta yake. "Farhan, andika. Meneja anasema anaendelea vizuri. Dawa za malaria mnyang'anyeni, hazihitaji."

Watu wakacheka. Alex naye akacheka kidogo, akidhani ni utani wa ukumbini. Hadia alisubiri mpaka kicheko kikaisha chenyewe, na uso wake ndio uliowanyamazisha waliokuwa bado wanacheka. Kisha akawaeleza yote, kuanzia kwenye salamu. Hakupandisha sauti. Alieleza habari za fundi ambaye maneno yake hayahesabiki, za kidonda, za jibu la pili. Akaeleza pia habari za Nkwabi, mguu wa mninga na karatasi zinazozeeka zikisubiriana.

"Nikija nimeuvaa mnasema unafanya kazi. Nikija sijauvaa mnasema siutumii. Kila mwezi mnakata mshahara wangu bila kuniuliza natembeaje. Sasa niambie wewe, kaka. Nije vipi?"

Alex akajifuta uso. Akasema anampa pole sana, na kwamba taratibu zile zimewekwa ili kuzuia udanganyifu, kwa sababu wapo watu wasio waaminifu.

"Nidanganye nini?" akauliza Hadia. "Kwamba sina mguu?"

Hapo ukumbi ukachafuka. Watu walisimama, kila mmoja na la kwake: mwenye mtoto aliyekataliwa miwani, mwenye mke aliyezungushwa kwa ajili ya upasuaji. Matilda aligonga meza mpaka mkono ukauma, mwisho akaahirisha ajenda ya mkataba mpaka mchana. Alex akaonekana kwenye korido, simu sikioni, akiongea kwa haraka.

Hadia alidhani Nkwabi angefurahi. Alimkuta nje peke yake, amekaa kwenye ukingo wa mfereji.

"Hukuniuliza," akamwambia bila kumtazama. "Watu wote wale walikuwa wanautazama mguu wangu. Umenivua nguo, mwanangu."

Hadia aliketi kando yake kwenye ukingo. Akamwomba msamaha, na Nkwabi akaupokea kwa kutikisa kichwa, lakini siku ile hawakuongea tena.

Kabla wiki haijaisha Farhan alipiga simu. Ombi lake limeidhinishwa. Hadia akauliza walichoongeza ni nini. Farhan akasema hakuna kilichoongezwa, ni karatasi zilezile. Alitegemea kusikia shukrani. Hadia alikuwa amesimama jikoni kwake na simu mkononi, na hasira aliyoisikia ilizidi ile ya siku ya kukataliwa. Karatasi zilezile. Kumbe muda wote ule kilichokuwa kinakosekana ni meneja kuona aibu mbele za watu.

Kisha Farhan akaleta la pili, kwa sauti ya mtu aliyetumwa. Makao makuu wangependa kumpiga picha siku ya kuchukua mguu, akiwa amesimama mbele ya bango la kampuni, kwa ajili ya kalenda ya mwaka ujao.

"Na la mzee Nkwabi?" Hadia akauliza.

La mzee Nkwabi bado. Lilikuwa limerudishwa tena kwa sababu ya tarehe.

"Basi waambie wasubiri. Siku Nkwabi atakapokuwa amesimama kwa mguu waliomnunulia, nitakuja nisimame pembeni yake, wapige picha wanazotaka."

Mguu wake aliupata, ila si mapema. Maximilian alikataa kupima mpaka kidonda kifunge, na kidonda kilichoachwa muda wote ule hakikufunga kwa kuharakishwa. Mvua za kwanza zikapita akiwa kwenye magongo. Aliporudi Mishamo, soketi mpya imemkaa vizuri, gia zinapanda bila kukwama, alikuta mahindi ya Séverine ni vijiti vilivyotobolewa. Viwavijeshi walikuwa wameingia, wakala, mwenyewe akapanda tena, wakala tena. Séverine hakumlaumu. Alimpa maji ya kunywa, akamwonyesha shamba toka mwanzo hadi mwisho, akauliza tu kama sasa hivi kuna kitu cha kupanda kitakachowahi. Hadia akamwambia wajaribu maharage ya muda mfupi. Akasimama katikati ya matuta yale, akawafikiria watu waliokaa ofisini wakibishana na maneno ya salamu huku shamba la mtu linaliwa.

Mkataba wa bima ulisainiwa mchana uleule wa mkutano. Matilda alimweleza Hadia kwa uchungu kwamba walikuwa wametafuta kampuni nyingine tangu kabla ya mkutano na hakuna iliyokubali kuja Katavi. Kuhusu maandishi ya fundi, utaratibu haujabadilika hata nukta.

Nkwabi alikubali kujaribu tena, kwa sharti kwamba mambo yake yasitajwe mbele ya watu. Hadia alikwenda naye kwa Daktari Sylvanus, akakaa naye mpaka kila kitu kikaandikwa na tarehe zikalingana. Karatasi zilipelekwa. Tangu hapo, kila akishuka Mpanda kuchukua mbegu, Hadia anapita kwanza Kashaulili. Juzi alikuwa pale. Farhan alimwona kupitia kwenye kioo, akaanza kupiga simu kabla hajaingia, akasikiliza, akakata.

"Wanasema faili hawalioni," akasema.

Hadia akavuta kiti, akakaa.

"Piga tena," akamwambia.