Laini Moja

Tangu saa tatu asubuhi Gathoni alikuwa akimwandikia mapenzi mwanamke wa Kanada kwa niaba ya Mutahi, mwenye ofisi. Kando ya kibodi, kazi za wateja wa Nyeri zilimngoja: kumbukumbu za mkutano wa wakulima wa majani chai, barua ya kesi ya shamba, hotuba ya mazishi. Yeye alilipwa kwa kila ukurasa aliouchapa. Mapenzi hayakuwa na kurasa.

Mutahi alileta intaneti mwaka huo wa 1999, ya kwanza mtaani, na wiki haikwisha kabla hajanogewa na kuchati. Kiingereza kilimpiga chenga, na vidole vyake vilidonoa herufi kama kuku. Kwa hiyo aliketi nyuma ya Gathoni na kikombe cha chai, akiagiza maneno.

"Mwambie niko na wafanyikazi ishirini."

Gathoni aliandika. Wafanyakazi wote ishirini walikuwa yeye.

Kilichomkaba roho ni kwamba ofisi ilikuwa na laini moja tu ya simu. Intaneti ikiingia, simu haipatikani. Na mwanawe Kingori, wa miaka minne, alikuwa amelazwa katika hospitali ya Othaya, tumbo limevimba. Daktari alikuwa amesema likizidi atampasua, lakini si bila sahihi ya mama. Asubuhi Gathoni aliomba ruhusa, Mutahi akamwambia akienda asirudi. Na bila kazi hiyo, angemtoa mtoto hospitalini na nini? Alimwachia mdogo wake, Ngendo, wakakubaliana apige simu hali ikibadilika.

"Bosi, tuzime kidogo tu. Nangoja simu ya hospitali."

"Ati tuzime? Na vile huyu ameanza kufunguka? Maliza kwanza."

Ilipofika saa sita alishindwa kuvumilia. Alibonyeza kitufe cha kukata, akasema kwa sauti kavu, "Imepotea."

Simu ilinyamaza. Gathoni aliikodolea macho, akiomba moyoni. Lakini kuunganisha ndilo jambo pekee Mutahi alilolijua kwenye kompyuta. Aliinama juu ya bega lake akabonyeza, na papo hapo simu ikalia mara moja. Modemu ya intaneti ikaidaka laini, ikaanza kupiga mluzi wake. Gathoni alinyoosha mkono kushika simu, Mutahi akaukamata.

"Wacha. Kama ni customer atapiga tena."

Mwanamke wa Kanada bado alikuwepo. Aliuliza kama Mutahi anapenda watoto.

"Mwambie sana."

Gathoni aliandika: sana. Alichukia kila herufi, na alijichukia yeye mwenyewe kwa kuziandika bila kosa.

Saa nane Ngendo alisimama mlangoni, peke yake, mkoba wa nguo za mtoto begani.

"Nimepiga hadi shilingi zikaisha," alisema polepole. "Mara moja ikashikwa. Nikasema, niitieni Gathoni akuje aweke sign, daktari anangoja. Nikasikia tu kitu inapiga filimbi."

"Kingori yuko wapi?"

Ngendo aliushusha mkoba sakafuni. "Wamenipa nguo zake tu," alisema.

Mutahi hakugeuza kichwa. Kwenye kompyuta maneno mapya yalikuwa yakijitokeza.

"Muulize huyo customer anataka kuchapiwa page ngapi," alisema, "halafu akae hapo kwa bench. Huyu ameandika tena. Nisomee."